Mengineyo

Mwandiko wangu ndio ulioniponza. Mwaka 2013, nikiwa bado nafundisha darasa la tatu, Baba Paroko aliona ratiba ya ubatizo niliyoiandika kwa chaki kwenye ubao ulio nje ya kanisa, akauliza ni kazi ya nani. Jumapili iliyofuata nikasikia jina langu likisomwa kwenye matangazo: mjumbe wa Kamati ya Afya, katibu. Hakuna aliyeniuliza. Kwetu utumishi hutangazwa, hauombwi, na anayetaka kukataa inabidi awe na maneno mazuri kuliko ya padre. Mimi siku hiyo sikuwa nayo.

Nimekaa kwenye kiti hicho miaka 12. Mwezi huu namkabidhi kijana mmoja wa chuo, mwenye kompyuta mpakato na vidole vyepesi. Nilitakiwa kumwandikia barua ya makabidhiano ya ukurasa mmoja. Nikatoa kaunta buku zote saba chini ya kitanda, nikazipangusa, nikaanza kuzisoma ili nijue nakabidhi nini. Barua mpaka leo haijaandikwa. Kilichoandikwa ni hiki.

Vikao vyetu vyote vilikuwa na mpangilio mmoja, na yeyote aliyewahi kukaa kikaoni Tanzania hii anaujua kwa moyo. Sala na kufungua kikao. Kuthibitisha ajenda. Kusoma muhtasari wa kikao kilichopita. Yatokanayo. Taarifa ya fedha. Ujenzi. Mengineyo. Sala na kufunga. Nilipozisoma kaunta buku zile mfululizo, jioni tatu, niliona jambo ambalo sikuliona nilipokuwa naliandika kwa mkono wangu mwenyewe: karibu kila neno la maana lililosemwa kuhusu wagonjwa limo kwenye Mengineyo. Ujenzi una kurasa na kurasa. Mengineyo ina mistari minne ya mwandiko unaokimbia, kwa sababu soda zimeisha na watu wameshaanza kutafuta funguo za pikipiki.

Zahanati yenyewe ni ndogo. Vyumba sita, bati jekundu, mwarobaini mbele na benchi la saruji ambalo saa moja asubuhi limeshajaa. Iko upande wa Temeke, ng'ambo ya reli ya TAZARA, kwenye mtaa wenye misikiti mitatu na kanisa moja. Wengi wanaokaa kwenye benchi lile ni Waislamu, ndivyo mtaa ulivyo. Masista wawili waliianzisha katikati ya miaka ya tisini, na hadi leo watu wazima wanaiita "misheni", japo hajawahi kukanyaga pale mmisionari yeyote.

Neno hilo lina uzito wake. Mimi mwenyewe nilizaliwa Peramiho, kwa Wabenediktini waliofika pale mwaka 1898, na nimekua nikisikia wazee wakisema "kampelekeni misheni" kwa sauti ya mtu anayetaja mahali pa mwisho pa kukimbilia. Sheria ya mwaka 1977 ilipofunga hospitali binafsi za biashara, za mashirika ya dini ziliruhusiwa kuendelea, na mikoa mingine hospitali ya wilaya ilikuwa ndiyo hiyohiyo ya kanisa, serikali ikisaidia mishahara. Mwaka 1991 mlango wa biashara ukafunguliwa tena. Mwaka 1992 serikali na makanisa wakakubaliana rasmi, ikazaliwa CSSC, tume ya huduma za jamii inayosimamia shule na hospitali za Wakatoliki na Waprotestanti. Mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kuchangisha wagonjwa. Zahanati yetu ni mtoto wa miaka hiyo. Masista waliona wanawake wa mtaa wakijifungulia vyumbani kwa kukosa nauli na hela ya gloves, wakaomba paroko awape ghala la mahindi. Ghala hilo ndilo chumba cha kujifungulia mpaka leo. Siku za joto bado linanuka pumba.

Nirudi kwenye vikao.

Agosti 2015 kipindupindu kiliingia Dar es Salaam. Wanaokumbuka wanakumbuka: matunda yaliyokatwa yakapigwa marufuku mitaani, mama lishe wakafukuzwa vijiweni, na ugonjwa ukaendelea kutembea. Kufikia Aprili 2016 nchi nzima ilikuwa imeandika wagonjwa zaidi ya 24,000 na vifo zaidi ya 370. Mtaa wetu ni wa visima vifupi na vyoo vya shimo, na mvua ikinyesha kuna watu wanatapisha vyoo usiku, uchafu unaondoka na maji kwenda kwa jirani. Sihitaji kueleza zaidi.

Parokia ilichukua hatua haraka, na nalisema hilo kwa fahari. Tulipata maboksi ya vidonge vya kutibu maji, tukavigawa kupitia jumuiya ndogo ndogo. Kwa asiyejua, jumuiya ni nyumba kumi, kumi na tano za Wakatoliki wanaosali pamoja kila wiki nyumbani kwa mmoja wao. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa nguzo ya kazi yao tangu miaka ya sabini, na ukitaka kufikisha ujumbe kwa Mkatoliki wa Dar kabla ya jua kuzama, pita jumuiyani. Hakuna serikali yenye mtandao mzuri kuliko ule. Siku tatu tu, kila familia ya parokia ilikuwa na vidonge.

Kikao cha Septemba mwaka ule ajenda kubwa ilikuwa vigae vya mapokezi. Tulivijadili saa nzima na nusu, vya rangi ya maziwa au ya kijivu. Chai ilikuwa imeletwa na mama mmoja anayeuza uji na maandazi chini ya mwarobaini, jirani yetu wa siku nyingi, mwenye buibui jeusi lililopauka mabegani. Mwenyekiti alipofika Mengineyo akauliza kama ilivyo ada, "Kuna mwenye jingine?" huku akifunga faili lake. Yule mama alikuwa anakusanya vikombe.

"Mimi ninalo," akasema.

Tukageuka wote.

"Samahanini wazee wangu. Hivi vidonge mnavyogawa kwenye jumuiya zenu, sisi tusio na jumuiya tunavipata wapi? Maana kisima tunachota kimoja."

Mwenyekiti, mzee mwenye heshima zake, akatabasamu, akamwambia, "Mama, hilo tumelipokea, tutaliangalia."

"Ahsante, Mzee. Na hii zahanati, ni yenu au ni yetu? Nauliza tu, nijue."

Akabeba vikombe vyake akatoka. Sala ya kufunga ilisaliwa haraka kuliko kawaida.

Kwenye kaunta buku ya tatu, ukurasa wa mwisho wa kikao kile, nimeandika hivi: "Mengineyo. Mgeni 1 aliuliza kuhusu vidonge vya maji. Kamati italifanyia kazi." Swali la pili halimo. Sikulisahau. Nililisikia vizuri, kalamu ilikuwa mkononi, nikaona kwamba nikiliandika, kikao kijacho litasomwa kwa sauti, litaingia kwenye Yatokanayo, na mtu atalazimika kulijibu. Nikaihurumia kamati. Katibu ana mamlaka makubwa ambayo hakuna anayemwonea wivu: jambo asiloliandika halikutokea.

Kisheria jibu ni rahisi. Si yetu, si yao. Kiwanja na jengo ni vya Wadhamini Waliosajiliwa wa Jimbo, na paroko, kamati, mimi, wote ni wapita njia. Lakini yule mama hakuwa anauliza habari za hati ya kiwanja.

Wiki ileile wapangaji wanne wa nyumba moja, hatua chache kutoka kwake, walichukuliwa kupelekwa kambi ya kipindupindu. Wote walipona, Mungu ashukuriwe. Wawili kati yao walikuwa waumini wetu, wa jumuiya hai kabisa, na tulipokwenda kuwatembelea tukakuta vidonge tulivyowapa viko kabatini, havijafunguliwa. Hakuna aliyewaonyesha kimoja kinaingia kwenye ndoo ya lita ngapi. Na hata wangevitumia, ndani ya uwa mmoja wenye milango sita, familia mbili zinatibu maji na nne hazitibu, watoto wote wanakunywa kwenye kikombe kimoja cha plastiki kilichofungwa kamba kwenye pipa. Tulikuwa tumegawa dawa kwa kufuata daftari la ubatizo, wakati ugonjwa unafuata kisima.

Sista mfawidhi wa wakati ule alikuwa mwanamke mfupi, mpole, asiyependa vikao. Aliomba mabalozi wa nyumba kumi wamletee orodha ya nyumba zote, za kila dini na za wasio na dini. Kisha akaenda kuzungumza na ustadh wa madrasa iliyo jirani, wakapanga Ijumaa baada ya sala wafanye mafunzo ya kutibu maji nje ya msikiti, kwa ndoo na saa ya mkononi. Wajumbe wawili wa kamati waliposikia wakapinga: mali ya parokia haiwezi kugawiwa msikitini bila kibali cha kikao. Kikao kilikuwa wiki tatu mbele. Sista akasikiliza, akaitikia "sawa, baba zangu", akatoka nje, akaita guta, akapakia maboksi yote yaliyobaki, akaondoka nalo akitembea pembeni kwa miguu.

Kikao kilichofuata nikaandika: "Sista alielekezwa na kamati kugawa vidonge mtaa mzima." Hakuelekezwa na mtu. Kwa hiyo kaunta buku ya tatu ina uongo wangu wa aina mbili, mmoja wa kukata na mmoja wa kuongeza, kurasa tano tu kati yake. Huu wa pili siujutii hata kidogo.

Nimewahi kusikia watu wakifundisha uongozi wa taasisi za dini kwa maneno makubwa: dira, dhima, mpango mkakati. Tuliwahi kuwa na mpango mkakati. Uliandikwa na mtaalamu wa kulipwa, ukafungwa vizuri kwa pete za plastiki, na nakala moja ilitumika miaka miwili kusawazisha mguu wa meza ya dirisha la dawa. Uongozi niliouona kwa macho yangu ni ule wa guta.

Ni yule yule Sista aliyetuletea habari za Jamkhed. Alirudi kutoka semina, akatusimulia, safari hii akiwa kwenye ajenda rasmi. Jamkhed ni sehemu ya ukame katika jimbo la Maharashtra, India. Mwaka 1970 madaktari wawili Wakristo, mume na mke, Rajanikant na Mabelle Arole, walifika pale kufanya afya ya vijiji. Walichoambiwa na watu kwanza kilikuwa maji na chakula; ukame mkali ulikuwa njiani. Wakaanza na visima na chakula. Walipojaribu kutuma wauguzi waliosoma vijijini, mambo hayakwenda vizuri, wauguzi walikuwa wageni kwa watu wale. Ndipo vijiji vikachagua wanawake wao wenyewe, wengi wasiojua kusoma, wengine wa matabaka yanayodharauliwa, wakafundishwa kidogo kidogo kila wiki, wakawa ndio wanaopima wajawazito na kufuata watoto wenye utapiamlo.

Baada ya hapo nilisoma mwenyewe. Kumbe kabla ya Jamkhed kulikuwa na mkutano mjini Tübingen, Ujerumani, mwaka 1964, ambako watu wa hospitali za misheni waliulizana kwa uchungu kama kweli wanaponya jamii au wanasubiri tu wanaofika getini. Mwaka 1968 Baraza la Makanisa Ulimwenguni likaunda Tume ya Kikristo ya Tiba huko Geneva, jirani na makao ya Shirika la Afya Duniani, na mazungumzo ya majirani hao wawili yaliingia katika Azimio la Alma-Ata la Septemba 1978 kuhusu afya ya msingi. Azimio ambalo wataalamu wetu wanalitaja kama Maandiko lilipikwa kwa sehemu na watu wa makanisa waliochoka kujenga mawodi.

Mimi habari hizo hazikunishangaza kama zilivyomshangaza mwenyekiti wetu, kwa sababu nilikuwa na miaka saba wakati wa Mtu ni Afya. Mwaka 1973 Radio Tanzania iliendesha kampeni hiyo kwa vikundi vya kusikiliza, na inakadiriwa watu wapatao milioni mbili walishiriki. Kwetu redio ilikuwa moja, ya mwalimu mkuu, ikawekwa juu ya kigoda kilichofunikwa kitambaa kama altare. Wanakikundi walisikiliza, wakasomewa kitabu, wakajadili, halafu swali likawa: sasa tunafanya nini? Baba alichimba choo wiki ile. Babu alikataa kukitumia mpaka alipokufa, lakini alikichimba pamoja naye, na ndiye aliyekata nguzo. Mkatoliki, Mwislamu, mwenye mizimu yake, wote walikaa mbele ya kigoda kile. Nilipokuwa nagawa vidonge kwa orodha ya jumuiya mwaka 2015 nilikuwa nimeshasahau kitu nilichokijua nikiwa na miaka saba.

Basi baada ya kipindupindu Sista akashinikiza, paroko akakubali, viti viwili vya kamati vikatolewa kwa mtaa. Kimoja akapewa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye alihudhuria mara mbili. Cha pili akapewa mama wa uji. Huyo hajawahi kuandikwa "hakuhudhuria bila taarifa" hata siku moja.

Sasa niseme la fedha, ambalo ndilo gumu kwangu.

Watu wanadhani taasisi za dini huharibiwa na wezi. Kwa miaka 12 sijaona mwizi kwenye kamati yetu. Nimeona watu wema wakifanya madhara kwa nia nzuri kabisa. Zahanati ilikuwa na daftari la madeni, gumu, jekundu, ambamo muuguzi aliandika wasioweza kulipa. Hakuna aliyewahi kufuata deni, maana nani atamfuata mjane kwa shilingi elfu nane za dawa mseto na dripu? Hiyo ni sawa. Kisichokuwa sawa ni kwamba hakuna aliyewahi kujumlisha. Serikali ina sera ya msamaha kwa wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza, na halmashauri nyingine huingia mkataba wa huduma na vituo vya dini ili virudishiwe gharama hizo. Sisi hatukuwa na mkataba, na hatukuwahi kuuomba, kwa sababu ili uombe lazima upeleke hesabu. Huruma yetu haikuwa na jumla. Mwezi ukifika mwisho mishahara inachelewa, vitendanishi vya maabara havinunuliwi, na mgonjwa wa Jumanne analipia ukarimu aliofanyiwa mgonjwa wa Jumatatu bila yeye kuambiwa. Nilikaa siku mbili na daftari lile mwaka 2018, mimi na muuguzi mmoja, tukajumlisha kurasa zote. Sitaandika tuliyoyapata. Mhasibu alipoiona namba alivua miwani.

Mwaka mmoja kabla ya hapo tulifanya harambee ya maabara. Tulitaka darubini mpya na mashine ya kupima wingi wa damu, ili mjamzito asipande bajaji kwenda kupimwa kwingine. Zilipatikana shilingi 6,800,000. Mtaa mzima ulichanga, bendi ya vijana ilipiga, jogoo mmoja aliuzwa mnadani mara nne. Miezi miwili baadaye fundi wa mnara wa kengele akasimamisha kazi kwa kutolipwa, na Askofu alikuwa anakuja kubariki. Unaweza kuotea. Fedha zilitoka akaunti moja zikaingia nyingine, kwa saini zote zinazotakiwa. Nikaandika: "Fedha za maabara zimehamishwa kwa muda."

Kwa muda. Maneno mawili. Niliyachagua mimi, hakuna aliyeniamuru, na nilipoyasoma kikao kilichofuata wajumbe wakaitikia kwa vichwa, mnara ukapanda, kengele ikalia, na kweli inalia vizuri.

Mwaka 2019, kwenye Mengineyo, mama wa uji akanyoosha mkono. Alikuwa ameshajifunza taratibu, hasemi mpaka apewe nafasi. "Mimi kwenye ile harambee nilichanga elfu ishirini," akasema. "Mia tano mia tano, za uji. Mashine iko wapi?" Mwenyekiti akaniomba nisome muhtasari wa mwaka ule. Nikasoma mpaka pale: zimehamishwa kwa muda.

"Muda gani, Mwalimu?"

Aliniuliza mimi, hakumuuliza mwenyekiti. Nadhani kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeshika daftari. Sikuwa na jibu, na nilijua kwamba sikuwa na jibu hata siku nilipoyaandika.

Kilichonikaa moyoni ni kwamba hakuna muumini wetu hata mmoja aliyewahi kuuliza. Sisi tunachanga tukidhani tunampa Mungu, na ukishampa Mungu unaona aibu kudai risiti. Yeye alichanga zahanati. Swali alilouliza akiwa na vikombe mkononi mwaka 2015, kamati haikumjibu, basi akalijibu mwenyewe: alichanga, kwa hiyo ni yetu, kwa hiyo iko wapi. Zilirudishwa milioni mbili mwaka ule, nyingine kidogo kidogo, na darubini ilinunuliwa mwaka 2022. Mashine ya damu bado.

Kuna mashine nyingine tuliyonayo, niitaje kwa kuwa nimecheka nilipoikuta kwenye kaunta buku ya tano. Marafiki wa parokia kutoka Marekani walitutumia kifaa cha kupiga picha za mimba, kizuri, kimefungwa kwenye povu. Kinatumia umeme wa volti 110. Wetu ni 230. Kiliwekwa stoo kikisubiri kigeuza umeme, na kwa miezi mingi mfanyakazi wa usafi alikuwa anakipangusa kila Ijumaa, mpaka alipoleta hoja rasmi, Mengineyo namba 3: je, aendelee? Kikao kiliamua aendelee.

La mwisho ni posho, na hapa nina hasira kidogo.

Wanaotembea nyumba kwa nyumba kwa niaba ya zahanati, kufuata watoto waliokosa chanjo, wagonjwa wa kifua kikuu waliokatiza dozi, watu wanaoishi na VVU walioacha kufika kliniki, ni wanawake kumi na mmoja na mwanamume mmoja. Kwa miaka walikuwa wanapewa posho kidogo na mradi mmoja uliopata fedha kupitia mfuko wa Marekani wa UKIMWI, PEPFAR, ule ulioanza mwaka 2003. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa ghafla, na ujumbe ukaja kwenye simu: simamisheni shughuli zote. Walio karibu na kazi hizi wanajua siku ile ilivyokuwa. Watu walikuwa na orodha mkononi za wagonjwa wa kutembelewa kesho yake.

Kikao cha dharura kikaitwa, na mjumbe mmoja akasimama akasema kwa hisia kwamba kazi hii ni utume, wahudumu wetu watakuwa tayari kuendelea bure kwa upendo wa Kristo. Makofi. Mimi nikaangalia upande wa wale wanawake. Hakuna aliyepiga. Mkufunzi wa kwaya analipwa na parokia. Fundi wa mnara alilipwa. Dereva wa gari la parokia analipwa, na hakuna anayemwambia kuendesha ni utume. Ikifika kwa mwanamke anayetembea na jua la saa saba kwenda kumshawishi mtu ameze dawa, ghafla upendo unatosha. Serikali yenyewe imeshaliona hilo: Januari 2024 ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, wa kulipwa posho. Kanisa lisiwe la mwisho kuelewa.

Nilisema karibu hayo yote, kwa adabu zaidi. Nikakumbusha kwamba hapa hapa Temeke, PASADA ya jimbo letu ilianza mwaka 1992 kwa kikundi kidogo cha watu wenye VVU wenyewe, waliokwenda kanisani kuomba mahali pa kukutana. Wagonjwa ndio walioanza, viongozi wakafuata. Baada ya mvutano parokia ikakubali kutoa sehemu ya sadaka ya Jumapili moja kwa mwezi, msikiti mmoja kati ya mitatu ukaleta mchango wake kwenye bahasha ya kaki, na wahudumu saba kati ya kumi na wawili wameendelea. Watano wamekwenda kutafuta riziki, mmoja wao anauza mitumba Tandika, na siwalaumu. Kuna wagonjwa kwenye orodha zao ambao hatujui walipo.

Jumamosi iliyopita nilifanya kikao changu cha mwisho. Kabla watu hawajafika nikamwita mama wa uji pembeni, nikafungua kaunta buku ya tatu, nikamwonyesha ule ukurasa. Hasomi haraka, anafuata kwa kidole. Nikamsomea: Mgeni 1 aliuliza kuhusu vidonge vya maji.

"Nilikuwa mgeni?" akasema. "Nyumba yangu na ukuta wa kanisa, ukuta ndio umenikuta."

Nikamwambia kuna swali lake moja sikuliandika, na nataka kuliandika sasa pembeni, kwa kalamu nyekundu, na tarehe ya leo ili mtu asije akasema nimeghushi. Nikaandika. Kisha nikakata "Mgeni 1", nikaanza kuandika jina lake, majina yote matatu, kama tunavyowaandika wajumbe. Nilikuwa nimeshafika jina la pili aliponishika mkono.

"Hilo linaanza na Z, Mwalimu. Miaka yote unaniandika S."